Stika ya binti yangu imezunguka hadi kwa wasiomjua. Serikali inaweza kupunguza wanafunzi kuumizana mtandaoni?

Bibie wa Segerea

Habari za jioni wanajamvi. Uzi ni mrefu, naomba anayeuanza aumalize kabla ya kujibu.

Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Jumamosi moja alikuwa tuisheni, mwalimu akamsimamisha kwenye swali la hesabu, akakwama, akaanza kulia. Mwenzake alikuwa na simu chini ya dawati, akampiga picha. Jioni hiyo hiyo picha ikawa stika ya WhatsApp. Uso wa mwanangu, macho mekundu, kamasi inaonekana puani, na juu yake maneno "maisha yamenishinda". Kufika Jumatatu ilikuwa kwenye grupu la tuisheni, la kwaya, la mtaa, na kwa watoto wa shule nyingine wasiomjua hata jina. Mtu akichelewa kujibu anatupiwa ile stika. Timu ikifungwa, stika. Uso wa mwanangu umekuwa alama ya kushindwa kwa watu ambao hawajawahi kumwona.

Mimi sikujua lolote. Nilichokiona ni tumbo. Kila Ijumaa usiku tumbo linamuuma, kesho yake haendi tuisheni. Nimempeleka zahanati mara mbili, vipimo safi. Mara ya pili tabibu akanivuta pembeni: "Mama, hebu muulize habari za wenzake." Usiku ule nikakaa naye kitandani hadi saa saba, ndipo akasema. Akanionyesha kwenye simu ya dada yake, kwa sababu yeye mwenyewe hana simu. Hilo ndilo lililonikata maini. Mtoto hana simu, na simu imemuumiza.

Nikaanza shuleni. Mwalimu wa nidhamu akanijibu kwamba simu haziruhusiwi pale, na tukio limetokea nje ya geti. Nikaenda tuisheni, wakaniambia wao wanafundisha masomo, malezi ni ya nyumbani. Nikaenda kituo cha polisi. Afande alinisikiliza vizuri, sitamsema vibaya, lakini akaniuliza stika imetengenezwa na namba gani. Sikuwa na jibu. Niliyokuwa nayo ni namba iliyoitupa ya kwanza kwenye grupu la tuisheni, tena hiyo sikuitaja pale, na sababu ni hii. Kabla ya kwenda nilifanya kama natuma pesa kwenye namba ile ili nione jina. Likatokea jina la mama ninayemfahamu, muuza vitumbua wa njia panda ya kwetu. Laini ni ya mama kwa sababu mtoto wa miaka 14 hana kitambulisho cha NIDA, hutolewa kuanzia miaka 18. Vidole vilivyosajili laini ile ni vya mzazi. Ningeitaja, wa kwanza kuitwa kituoni angekuwa yeye, na sidhani kama anajua stika ni kitu gani.

Sasa swali langu. Serikali ikiamua, inaweza kupunguza mambo haya? Mimi nasema inaweza, tena sana, lakini si kwa kuongeza adhabu. Adhabu ipo tayari. Kilichokosekana kwa mwanangu ni mtu mmoja mwenye wajibu wa kufanya kitu ndani ya siku ya kwanza. Nilizunguka milango mitatu na kila mlango ulikuwa na sababu ya kweli ya kusema si hapa.

Karibuni.

Kijana wa Temeke

Pole sana dada. Kwangu mimi dawa ni moja, Serikali ipige marufuku simu kwa mtu yeyote chini ya miaka 18, wazazi wakamatwe. Tukicheka na nyani tutavuna mabua.

Bibie wa Segerea

Asante kaka. Ila rudia kusoma, binti yangu hana simu. Marufuku hiyo ingemkuta alipo.

Mdau wa Sheria

Mama, pole. Niweke sawa upande wa sheria, maana humu watu wengi hawajui kwamba kosa hili lina jina kabisa.

Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ilianza kutumika Septemba mwaka huo. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo Serikali haikulala. Ilitunga sheria miaka mingi iliyopita.

Lakini tazama inavyokutana na mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na kifungu cha 119 kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo, hata kama sheria nyingine inasema vinginevyo. Ile miaka 3 basi haimgusi yule kijana. Hiyo milioni 5, kijana wa kidato cha pili anaitoa wapi? Italipwa na vitumbua. Kesi yake inatakiwa iende Mahakama ya Watoto, isisikilizwe hadharani, na afisa ustawi wa jamii awepo. Yote hayo ni mazuri, naungana nayo. Ila ni njia ya miezi, na stika imeshafanya kazi yake kwa siku mbili.

Kwa maneno mengine tuna rungu zito ambalo kwa mtu mzima ni kubwa na kwa mtoto halinyanyuki. Katikati hapana kitu.

Wenzetu Italia walijaza hapo katikati. Mwaka 2013 binti wa miaka 14 wa mji wa Novara, Carolina Picchio, alijiua baada ya video yake kusambazwa mtandaoni. Aliyekuwa mwalimu wake wa muziki, Elena Ferrara, alikuwa ameingia Seneti, akapeleka muswada. Ukapita mwaka 2017, sheria namba 71. Mtoto aliyefikisha miaka 14 anaweza kuomba mwenyewe maudhui yaondolewe bila kusubiri mzazi. Mtandao usipoyaondoa ndani ya saa 48, anakwenda kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi, nayo ina saa 48 nyingine. Kila shule inateua mwalimu mmoja wa kushughulikia mambo haya. Na aliyekosea, kabla hajashtakiwa, anaitwa na mkuu wa polisi pamoja na mzazi wake, anaonywa. Onyo hilo linafutika akiwa mtu mzima.

Hilo la onyo ningependa tulichukue kesho asubuhi. Maafisa wa Dawati la Jinsia na Watoto tunao tayari kwenye vituo vingi vya polisi. Kinachohitajika ni kupewa kitu cha kufanya ambacho ni chini ya kesi na zaidi ya "nendeni mkayamalize nyumbani".

Nyuma ya Nyumba

Mimi nitakuwa tofauti kidogo na naomba nisieleweke vibaya, nina watoto watatu.

Sheria hiyo hiyo ya 2015 mnayoisifu ndiyo yenye kifungu cha 16 cha taarifa za uongo, na tumeona watu wazima wakipelekwa mahakamani kwa maneno waliyoandika kuhusu viongozi. Kila mara sababu inayotangulizwa ni kulinda maadili na watoto. Mei 2025 mtandao wa X (zamani Twitter) ulifungwa nchini, na kijana yeyote wa sekondari anajua kuwasha VPN, ile programu ya kukwepa kizuizi. Kwa hiyo ukiipa Serikali uwezo wa kufunga na kufuta, watoto watapita uchochoroni na wakubwa ndio watakaobaki wamefungwa midomo.

Na kabla hajaja mtu wa kusema tusajili kila akaunti kwa jina halisi: Korea Kusini walifanya hivyo mwaka 2007 kwenye mitandao mikubwa, kisa kilikuwa hiki hiki cha matusi. Mwaka 2011 taarifa za watumiaji karibu milioni 35 zikaibwa. Mwaka 2012 Mahakama yao ya Katiba ikaifuta sheria ile kwa kauli moja. Na sisi laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, Bibie ametueleza usajili ule ulimfikisha wapi. Kwa muuza vitumbua.

Bibie wa Segerea

Nyuma ya Nyumba, hofu yako naielewa na ninayo. Ndiyo maana sikusema wapewe uwezo wa kufunga. Nimesema wapewe wajibu wa kujibu. Nikienda na mtoto analia, mtu fulani anayelipwa na kodi yangu awe na jina, na awe na saa za kunijibu.

FundiKkoo

Mimi natengeneza simu Kariakoo, mtaa wa Aggrey, mwaka wa tisa huu. Niwaeleze stika inavyotembea maana naona watu wanazungumza kama ni picha ya gazeti.

Ukituma stika kwenye grupu, una kama siku mbili na nusu za kuifuta kwa wote. Admini wa grupu naye anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine. Lakini aliyeibonyeza akaiweka kwenye stika zake anazozipenda, kwake inabaki hata ukiifuta mara mia. Ndiyo maana ya yule binti haiishi. Na WhatsApp ujumbe umefungwa kutoka simu hadi simu, kampuni yenyewe haioni ndani. Hata Serikali ikiiandikia barua kampuni, hakuna kabati la kufungua ikakuta stika zote za binti wa watu. Kinachowafikia ni pale mtu wa ndani ya grupu anapobonyeza kuripoti, hapo jumbe chache za mwisho wanazipata. TikTok na Instagram ni kitu kingine, zile ni za wazi, zikiripotiwa zinashuka.

Kwa hiyo kwenye magrupu anayeweza kuizima haraka ni admini na waliomo ndani. Serikali haimo mle. Mama, waambie wote wenye huruma waripoti, halafu piga picha ya skrini kabla haijafutwa, namba na tarehe zionekane. Watu wanafuta kwanza kwa hasira halafu wanabaki hawana ushahidi.

Mbongo wa Perth

Salaam kutoka Australia, nimezaliwa Magomeni. Huku ndiko nchi iliyokwenda mbali, niwape nilichokiona.

Tangu 2015 kuna ofisi ya kamishna wa usalama mtandaoni, ilianza ikiwa ya watoto peke yao. Mtoto anaripoti kwanza kwa mtandao wenyewe. Zikipita saa 48 hakuna kitu, anaripoti kwa kamishna, na kwa sheria ya 2021 kamishna anaweza kuuamuru mtandao uondoe ndani ya saa 24. Ndiyo sehemu ninayoipenda. Fomu inajazwa mezani kwako, hutafuti wakili.

Halafu ikaja nyingine. Kuanzia tarehe 10 Desemba 2025 walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti kwenye TikTok, Instagram, Snapchat na kadhalika, na kampuni isiyochukua hatua inaweza kupigwa faini hadi dola za huku milioni 49.5. Mtoto na mzazi hawaadhibiwi, mzigo ni wa kampuni. Ila WhatsApp haimo kwenye katazo. Yaani stika ya binti wa Segerea hata huku ingetembea.

Chaki na Ubao

Nimekaa nikiusoma uzi huu tangu jana nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata hapa hapa Dar es Salaam na jibu alilopewa mama huyu nimewahi kulitoa mwenyewe. "Simu haziruhusiwi hapa." Nililitoa nikiwa nimechoka, nina darasa la wanafunzi 74 na madaftari mezani.

Nieleze tunavyofikia hapo. Kanuni inasema mwanafunzi asije na simu, na ni kanuni nzuri darasani. Ila imezaa kitu ambacho hatukukitarajia. Shule ikikiri kwamba kuna mkasa wa WhatsApp, ni kama imekiri simu zimo. Mtoto naye akija kusema, swali la kwanza analoulizwa ni "uliiona kwenye simu ya nani?" Kwa hiyo aliyeumizwa anaogopa kumchongea aliyemwonyesha, na aliyemwonyesha huenda ndiye rafiki pekee aliyebaki. Nimekuja kuligundua hilo mwaka jana tu, mtoto wa kiume wa kidato cha tatu alipokaa mbele yangu dakika arobaini akijikunja vidole, mpaka nikamwambia sitauliza simu ni ya nani. Akafunguka pale pale.

Wizara ingetoa waraka wa mstari mmoja, kwamba mwanafunzi anayeripoti kuumizwa mtandaoni asiadhibiwe wala kuulizwa habari ya umiliki wa simu, ungefanya kazi kuliko faini ya milioni 5. Haugharimu hata shilingi.

La pili ni nani ahusike. Walimu wa ushauri na unasihi tunao kwenye orodha, lakini ni sisi sisi wenye vipindi 24 kwa wiki. Unasihi unafanyika mapumziko ya chai, kwenye kona ya ofisi, wenzako wakiingia kuchukua chaki. Mtoto gani atalia pale?

Na nimjibu anayesema Serikali haiwezi. Norway mwishoni mwa 1982 wavulana watatu wa kaskazini walijiua, ikaonekana chanzo ni kuonewa na wenzao. Mwaka uliofuata wizara ya elimu ikaanzisha kampeni ya nchi nzima, na Profesa Dan Olweus akafuatilia shule 42 za Bergen, wanafunzi kama 2,500. Uonevu ulipungua kwa karibu nusu. Wakati ule hapakuwa na intaneti, najua. Lakini waliomtupia stika binti huyu ni wale wale anaokaa nao dawati moja tuisheni. Kule hawakujenga magereza. Waliwauliza watoto kwa karatasi isiyo na jina, wakaongeza usimamizi wakati wa mapumziko, wakaweka kanuni za darasa, wakaita wazazi. Serikali ndiyo iliyoagiza na kulipia, kazi ikafanywa na mwalimu aliyepewa muda wa kuifanya.

Finland wakaja na mpango wao wa KiVa kutoka Chuo Kikuu cha Turku, nao wakamlenga mtazamaji. Yule anayecheka. Wanasema mwonevu anakula kicheko, ukikikata anakosa chakula.

Kijana wa Temeke

Mwalimu, hapo kwenye kicheko umenigusa. Kwenye magrupu yangu ya mpira stika za aina hiyo zimejaa, nyuso za watu nisiowajua. Sijawahi kujiuliza ni mtoto wa nani. Narudisha ile ya marufuku niliyoandika juu.

Binti wa Mbagala

Shikamoo mama Bibie. Shikamooni wote. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, nimejiunga humu leo kwa ajili ya uzi huu.

Mimi nilikuwa upande wa pili. Tulikuwa na grupu la wasichana kumi na moja, na tulimfanyia mwenzetu mmoja kwa karibu muhula mzima. Si stika, sisi tulikuwa tunarekodi sauti tukiigiza anavyoongea, ana kigugumizi. Sikuwa naanzisha. Nilikuwa naweka kile kikatuni cha kucheka hadi machozi. Niliamini asiyeanzisha hana kosa.

Mnauliza kama sheria ingetuzuia. Hatukujua kama ipo. Hakuna siku hata moja katika miaka sita ya sekondari mtu alisimama mbele yetu akasema ukifanya hivi ni kosa na lina kifungu. Tulifundishwa katiba, haki za binadamu, tukajibu kwenye mitihani, ila haki ya mtu asiigizwe kigugumizi chake mbele ya watu haikutajwa. Kilichotuzuia ni mama wa mmoja wetu. Alizikuta zile sauti, akatuita wote kwake Jumapili, akazicheza kwenye spika tukiwa tumekaa kwenye kochi, moja baada ya nyingine. Hakutupiga wala hakusema neno. Sijasahau.

Yule mwenzetu alihama shule. Nimemtafuta mwaka huu nimwombe radhi, amesoma, hajajibu. Ni haki yake.

Kitu kimoja zaidi. Namba 116, ya simu kwa mtoto, ni bure mtandao wowote. Niliijua baada ya kumaliza shule, kwenye bango la kituo cha daladala. Kwa nini haiko nyuma ya kila daftari?

Bibie wa Segerea

Marahaba mwanangu. Umeandika kitu kigumu, na ndicho kilichonipa nguvu ya kufanya nilichofanya.

Mrejesho. Juzi saa kumi na moja alfajiri nilikwenda kwa yule mama njia panda, akiwa anachoma vitumbua, kabla wateja hawajajaa. Nilimwonyesha stika. Akaniuliza, "Huyu si binti yako?" Hakuwa anajua imetoka nyumbani kwake. Nikamweleza taratibu, hatukupandishiana sauti. Akazima jiko moja, akaenda kumwamsha kijana. Yule mtoto alipoiona simu mkononi mwangu aliangalia chini, na nikamwona ni mtoto, soksi mguu mmoja. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, yakaniisha.

Muda wa kuifuta kwa wote ulikuwa umepita, kama Fundi alivyosema. Kwa hiyo ameingia grupu moja moja, ameandika kwa jina lake kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza, anaomba kila aliyeihifadhi aiondoe, na maadmini wafute zilizobaki. Magrupu manne yamefuta. La kwaya bado, admini wake yuko safarini. Zilizofika shule nyingine sina cha kufanya nazo, hilo nimelikubali.

Shuleni nimerudi na barua, nakala za picha za skrini nimezitoa kwa mwenye steshenari, namba na tarehe zinaonekana. Sikuomba mtu aadhibiwe. Nimeomba mambo mawili: mwalimu mmoja atajwe kwa jina kwenye ubao wa matangazo kwamba ndiye wa kupokea mambo haya, na mtoto anayeripoti asiulizwe simu ni ya nani. Hilo la pili ni la Chaki na Ubao, asante mwalimu. Mkuu wa shule ameisoma nikiwa nimekaa mbele yake. Akasema la kwanza anaweza, la pili mpaka apate maelekezo kutoka juu. Nikamwomba agonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, akagonga.

Binti Ijumaa hii hakushika tumbo. Jumamosi hakwenda tuisheni, sikumlazimisha. Jumatatu nakwenda na nakala ile kwa afisa elimu kata, nikitoka hapo nakwenda ustawi wa jamii. Walio wilaya nyingine wenye barua kama hii, au wanaotaka kuiandika, njooni PM niwatumie niliyoandika mimi, mbadilishe jina la shule tu.